Mbwa wa Kilo Mbili

Siku ya kwanza kuripoti kazini nilivaa viatu vya visigino. Nilikuwa nimetoka chuo cha mifugo, cheti changu kiko kwenye bahasha, na mama yangu alikuwa amenishonea sketi ya bluu kwa ajili ya siku hiyo. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, mvua zetu za Kyela zisizojua kuomba ruhusa, kwa hiyo nilifika mlangoni mwa ofisi nikiwa pekupeku, viatu mkononi. Bwana Mifugo wa Wilaya, mkubwa wangu wa kwanza, aliniangalia miguu kabla hajaniangalia uso. Alikuwa mtu mrefu kutoka Usukumani, na ng'ombe aliwajua kuliko alivyowajua watu.

"Binti, harusi iko wapi?"

"Hakuna harusi, mzee. Shikamoo. Mimi ndiye msaidizi mpya wa mifugo."

"Marahaba. Basi hivyo viweke kabatini. Ng'ombe wa huku hawajui mitindo."

Akanipa mabuti ya mpira ya mtu aliyestaafu kabla yangu. Yalinizidi kiasi kwamba nilijaza magazeti mbele, na nikitembea yalikuwa yanapiga kelele. Saa nne asubuhi tulikuwa tumekwisha fika Ngana, kwa mzee mmoja ambaye nguruwe wake alikuwa na ngiri, yaani utumbo umepenya kwenye misuli ya tumbo na kuning'inia chini ya ngozi kama mfuko. Ngiri inatibiwa kwa kisu. Bwana Mifugo aliweka begi chini, akauliza swali moja.

"Amekula?"

"Pumba kidogo tu, bwana mkubwa. Alikuwa analia."

Bwana Mifugo alifunga begi lake, akaaga kwa adabu zote, akapanda pikipiki. Mimi nikabaki nimeduwaa, nikakimbia na mabuti yangu nimdake. Njiani, huku tunapigwa na matope, alinieleza kwa sauti ya juu kushinda injini. Mnyama akipewa dawa ya usingizi koo nalo linalala. Chakula kikipanda kutoka tumboni hakuna cha kukizuia, kinaingia mapafuni, na mnyama anafia mikononi mwako mwenyewe akikuangalia. "Mnyama wa kisuni halali na kitu tumboni," alisema, yaani mnyama anayekwenda kupasuliwa. "Shika hilo, mengine utayajua mbele ya safari." Tulirudi kesho yake, nguruwe amekaa na njaa tangu jana yake, tukamshona, akapona, akaliwa Krismasi.

Nililishika. Mimi ni mtu wa kushika neno, na wanaonifahamu watasema pia ni mtu wa kuling'ang'ania. Kwa zaidi ya miaka thelathini nililirudia neno hilo kwa wenye nguruwe, wenye mbuzi na wenye mbwa, na kila aliyelivunja nilimfokea hadharani. Halikunitupa hata mara moja, mpaka siku nitakayowasimulia.

Kutoka Kyela mjini nilipelekwa Mwaya kusimamia josho, lile handaki la saruji lililojaa maji yenye dawa, ambamo ng'ombe wanaogelea ili kupe wafe. Kupe ndio wanaoleta ndigana, ugonjwa unaovimbisha tezi za shingo na kumaliza zizi. Bwana Mifugo wa Tarafa, mkubwa wangu wa pale, alikuwa mlokole mwenye miwani ya kamba na hakupenda haraka. Kila jioni aliniambia, "Andika ulichokiona, usiandike ulichotaka kukiona." Hapo Mwaya ndipo nilipopata jicho. Jicho, kwetu wa mifugo, ni uwezo wa kumtazama mnyama akipita ukajua uzito wake bila kumpima, maana dozi ya dawa inakwenda na kilo na mizani ya ng'ombe ilikuwa hadithi tu. Nikimwona dume nasema kilo mia mbili na arobaini, na tukipitisha mkanda wa kifuani kuhakikisha, nakosea kidogo sana. Nilijivunia jicho langu kupita kiasi, nakiri.

Baadaye nikapelekwa Ngana, kipindi kigumu cha homa ya nguruwe. Ugonjwa huo hauna dawa wala chanjo. Unafunga njia, hakuna nguruwe wa kuingia wala kutoka, na unasimama kwenye kizuizi ukitukanwa na watu uliosali nao Jumapili. Huko ndiko walikonipa jina. Watu wamezoea kusema bwana mifugo, basi nikawa Bwana Mifugo mwenye sketi, mpaka utani ulipowachosha wakahamia Mama Mifugo.

Na mbwa je? Mbwa katika kazi yangu alikuwa siku moja kwa mwaka, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Vijana walikuja wamewafunga kwa kamba za katani, mbwa wenye mbavu na makovu. Nawashika ngozi ya shingo, nachoma, anayefuata. Mbwa wa kwetu ni mlinzi, anakula makombo ya wali na mifupa ya samaki na kulala alipoangukia. Mkubwa mmoja aliyehamia kutoka Dar aliwahi kuniuliza kama ninajua kutunza mbwa wa ndani. Nikamjibu kwamba mbwa wa ndani simjui, maana ndani wanalala watu. Alicheka, lakini mimi sikuwa natania.

Miaka yangu ya mwisho kazini walinipeleka Talatala, ofisi ndogo kando ya mashamba ya mpunga. Asubuhi moja aliingia mama mmoja mtu mzima, mwembamba, kitenge kimefungwa vizuri, na kikapu mkononi kimefunikwa kwa kanga. Nilimjua kwa sura: Mama Bupe, mjane mwenye kipande cha mpunga na miti ya kakao nyuma ya nyumba. Alinizidi umri kwa zaidi ya miaka kumi na tano, kwa hiyo nilisimama nikamwamkia kwa Kinyakyusa.

"Mugonile, mama. Isaga, karibu. Leo umeniletea kuku?"

"Ndaga, asante, mwanangu. Si kuku."

Akafunua kanga. Kwanza niliona masikio, makubwa kuliko kichwa chenyewe. Halafu macho mawili yaliyotokeza. Halafu kiumbe kizima kikasimama ndani ya kikapu kwa miguu minne membamba kama vijiti vya kuchokolea moto, kikanibwekea kwa hasira ya simba.

"Huyu ni nini?"

"Mbwa."

"Amekonda hivi? Ana miezi mingapi?"

"Ana miaka minne. Ndivyo alivyo."

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika meza, na karani wa mtendaji alichungulia kuona kuna nini. Mama Bupe hakucheka wala hakukasirika. Alingoja nimalize, kama mtu anayengoja mvua ipite, ndipo akaniambia habari yake.

Bupe alikuwa mwanawe wa pekee. Alisoma, akapata kazi ya hoteli huko mjini, na mgeni mmoja aliyekuwa anahama nchi alimwachia mbwa huyo. Ni Chiwawa, aina ambayo watu wa nje wameizalisha kizazi baada ya kizazi kwa kuchagua wadogo, mpaka wakapata mbwa wa kukaa mapajani. Bupe alimwita Tosha. Kisha Bupe akaugua. Mama yake alikwenda kumuuguza miezi mitatu, na siku za mwisho mtoto hakuwa na maneno mengi. Alimwambia mama yake jambo moja: "Mama, Tosha asilale na njaa." Mama Bupe alirudi Talatala na jeneza kwenye gari na kikapu mapajani.

"Nikamwahidi," aliniambia. "Sasa ana meno mabaya. Hali vizuri. Mdomo unanuka."

Nilimfungua kinywa. Ilikuwa kweli. Meno ya utotoni hayakung'oka, ya ukubwani yakaota pembeni yake, safu mbili kwenye taya lisilotosha hata moja. Katikati chakula kilikwama, fizi zikaoza, usaha ukaanza. Baadaye nilijifunza kuwa hilo ni jambo la kawaida kwa mbwa hawa: mwili umepunguzwa lakini meno hayakupungua kwa kiasi hicho. Wakati ule nilijua tu kwamba ni lazima yang'olewe, na kwamba atalazwa usingizi.

"Ana kilo tatu," nilisema, nikiandika.

"Mbili. Nilimpima dukani."

"Mama, mizani ya dukani ni ya sukari. Mimi nina jicho."

Akamrudisha Tosha kikapuni. Nikampangia siku ya kwenda Kyela kwa daktari wa mifugo wa wilaya, na nikamwambia kama nilivyowaambia wengine wote: asile kitu kuanzia jioni ya kuamkia siku hiyo.

Mama Bupe alisita. "Huyu akichelewa kula hata kidogo anatetemeka. Mimi nampa asubuhi, saa nne, mchana, jioni. Bupe alinionyesha hivyo."

"Mama Bupe. Kazi hii nimeifanya tangu Bupe hajazaliwa. Mnyama wa kisuni halali na kitu tumboni. Ukimpa chakula, usije."

Nilisema hivyo, kwa sauti hiyo hiyo. Na yeye, kwa sababu alilelewa kuheshimu wataalamu, na kwa sababu mimi ni serikali, alitii.

Siku ilipofika nilikuwa nimetangulia Kyela. Daktari wa wilaya alikuwa kijana kutoka Tanga, mpole, mwenye ndevu fupi, ambaye aliniamkia shikamoo kila siku ingawa kwa cheo alikuwa mkubwa wangu. Mama Bupe alishuka kwenye bajaji saa mbili, na nilipoona jinsi anavyotembea nilijua kuna jambo. Aliweka kikapu juu ya meza, akafunua.

Tosha alikuwa amelala ubavu. Kichwa kinayumba, ulimi umetoka, macho hayaoni. Nilimshika, alikuwa wa baridi, katika joto lile la Kyela. Kisha akaanza kurusha miguu na kukakamaa, degedege kabisa. Nami, kwa miaka yangu yote thelathini, akili ilikwenda kwenye sumu. Niliuliza amekula nini.

"Hajala kitu," alisema Mama Bupe. "Ulisema asile. Alikilalia kibakuli chake. Alikuwa anakilamba kitupu." Akaniangalia. "Nimemlaza na njaa."

Daktari alikuwa amekwisha kugusa fizi, nyeupe kama karatasi. "Sukari," alisema. "Mama Mifugo, leta sukari, upesi!"

Nilikimbia. Mwanamke wa umri wangu, na mabuti, nikakatiza barabara hadi kwa muuza chai, nikachukua kopo zima la sukari bila kusema habari za asubuhi. Daktari alichanganya na maji ya uvuguvugu yawe mazito, akachovya kidole, akasugua ndani ya mashavu na kwenye fizi. Hakumimina. Mnyama aliyepoteza fahamu hamezi, ukimmiminia unamzamisha. Lakini sukari inapenya kwenye fizi yenyewe. Alisugua, akachovya, akasugua. Mama Bupe alikuwa amefungua kitenge chake na kumfunika, akimpulizia pumzi yake shingoni apate joto, na midomo yake ilikuwa inasema jina, lakini si la mbwa. Alikuwa anasema Bupe.

Sijui ilikuwa dakika ngapi. Ulimi ulirudi ndani. Ukatoka tena, ukalamba kidole cha daktari. Daktari akakaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza.

Alinieleza polepole, bila kuniaibisha, na hilo sitalisahau. Ng'ombe au mbwa wetu wa kijijini ana akiba mwilini, nyama na mafuta na ini kubwa. Akikosa chakula usiku mmoja anakula akiba. Mbwa wa kilo mbili akiba yake ni ya saa chache. Mwili mdogo unapoteza joto haraka, kwa hiyo unachoma sukari haraka, na huyu alikuwa na usaha unaomnyonya nguvu. Kanuni ya tumbo tupu ni ya kweli hata kwake, ila anafungishwa kwa saa chache tu na kwa kuangaliwa, si tangu jana yake. Kisha alimweka Tosha kwenye mizani yake ndogo. Kilo mbili, kasoro kidogo. Kama tungemlaza usingizi kwa kilo tatu za jicho langu, dawa ingezidi kipimo kwa nusu nzima, kwa ajili ya kilo ambayo hakuwa nayo.

Kwa hiyo mara mbili mama yule aliniambia ukweli, na mara mbili nilimnyamazisha. Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Nilipiga magoti pale ofisini, kama tunavyopiga kwa wakubwa wetu, nikamwomba radhi. Alimlaza Tosha kikapuni. Alifunika kikapu, akasema "ndaga" kwa daktari, akaondoka.

Meno yalikuwa bado yamo mdomoni. Hilo ndilo lililoninyima raha. Usaha wa meno hauishii kwenye meno, unasafiri na damu hadi kwenye moyo na figo, na nilijua kwamba kama Mama Bupe hatarudi kwa sababu yangu, Tosha atakufa taratibu na ahadi itavunjika kwa mkono wangu. Nilikwenda kwake mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa shambani, au waliniambia hivyo. Mara ya pili alinipa kiti na ndizi za kuchoma na tukazungumzia mafuriko. Mara ya tatu alisema yeye mwenyewe.

"Nitamleta. Lakini safari hii utafunga wewe."

"Mama?"

"Daktari amesema Tosha apewe uji kidogo alfajiri. Sawa. Wewe usile tangu jana yake mchana. Wala chai. Wala maji ya sukari. Uje hivyo hivyo, umshike wewe."

Nilimwangalia nione kama ananitania. Hakuwa ananitania. Watu wengine walioniona na njaa siku ile wanadhani nilikuwa nimefunga kwa maombi, nami sikuwasahihisha. Nilifika Kyela nikiwa na kichwa chepesi, mikono inatetemeka, na muuza chai alikaanga maandazi chini ya pua yangu. Mama Bupe aliniangalia mikono, akaona inavyotetemeka, akanikabidhi kikapu. Kwangu mimi hicho kilikuwa cheti kikubwa kuliko kile nilichokuja nacho kwenye bahasha.

Daktari alifanya kazi nzuri. Alimpima uzito kwanza, akamwekea dripu yenye sukari kwa mshipa mwembamba kama uzi, na kazi yangu ilikuwa kumpa joto: chupa za maji ya moto zilizofungwa kwenye kanga, moja kila upande, kidole changu kifuani mwake kuhesabu moyo. Alitoa meno tisa. Yalitosha kwenye kifuniko cha soda. Tosha alipoinua kichwa akanibwekea, nililia mbele ya watu, na Mama Bupe akaniambia nikanywe chai sasa, imetosha.

Baada ya hapo nilimfanya Mama Bupe kuwa mwalimu wangu, na sioni aibu kusema hivyo. Kila Ijumaa nilipita kwake. Mama yule hakusoma zaidi ya darasa la nne, lakini macho yake yalikuwa yameona kila kitu, na mimi nilichofanya ni kuuliza daktari jina la kile alichokwisha kukiona. Aliona kwamba Tosha akifungwa kamba ya shingo anakohoa kikohozi kikavu kama bata. Daktari akasema bomba la hewa la mbwa hawa ni laini, linabonyea. Mama Bupe alikuwa amekwisha mpeleka kwa fundi cherehani akashonewa mkanda wa kifuani kwa kitambaa cha gauni la zamani la Bupe. Aliona kwamba mara nyingine anaruka hatua tatu kwa miguu mitatu halafu anaendelea kama kawaida. Ni kifupa cha goti kinachoteleza kutoka kwenye mfereji wake. Basi aliondoa kigoda karibu na kitanda ili asirukie, akamwekea ngazi ya matofali mawili. Alijua kwamba utosi wake haukufunga, una sehemu laini kama ya mtoto mchanga, na aliwakataza watoto wa jirani kumpiga hata konzi ya utani.

Kubwa kuliko yote ilikuwa kakao. Kakao ndiyo inayosomesha watoto huku kwetu, kila uwanja una mbegu zinazoanikwa, na hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mbwa anaweza kudhurika nayo. Ndani ya mbegu na maganda yake kuna kitu ambacho mwili wa binadamu unakiondoa upesi na wa mbwa hauwezi. Kinaukimbiza moyo hadi ushindwe. Mbwa mkubwa atatapika. Kwa mwenye kilo mbili, mbegu chache zinatosha kumzika. Nilipomwambia hayo Mama Bupe, hakuuliza mara ya pili. Wiki ile ile aliacha kuanika kwenye majamvi chini, akajenga kichanja cha mianzi kinachonifika kifuani, na sanduku la kuvundikia mbegu akalifunika kwa majani ya mgomba na jiwe juu. Majirani walimcheka kwamba anamjengea mbwa ghorofa. Mvua za ghafla zilipolowesha majamvi yao na kakao yao ikaota ukungu, ya Mama Bupe ilikuwa kavu juu ya kichanja, na msimu uliofuata nilihesabu vichanja nikiwa njiani nikachoka kuhesabu.

Siku hizi mbwa wadogo wanaongezeka. Watumishi wanaohamia kutoka mikoa mingine wanakuja nao, wafanyabiashara wa mpakani wanawaleta kama zawadi kwa wake zao. Wanapoletwa na mkufu shingoni, au wamefungiwa kwenye gari lenye joto, au wamepelekwa kuogeshwa dawa ya josho kama ndama, mimi huwaelekeza wenye mbwa kwa Mama Bupe kwanza, kabla hata ya dawa. Bibi hakimu mmoja alirudi akaniambia kwamba amefundishwa vizuri na kufokewa vizuri vilevile. Nikamwambia hongera, na mimi ndivyo nilivyofundishwa.

Nilistaafu nikiwa Talatala. Waliniaga kwa wali wa Kyela na nyama, Mkuu wa Idara akasoma hotuba ndefu kuhusu utumishi uliotukuka, na nikapewa godoro. Mimi kila nikihutubiwa nashindwa kula. Mama Bupe, aliyekaa nyuma na kikapu chake, alikuja hadi meza kuu bila kuomba ruhusa ya mtu, akasogeza sahani mbele yangu.

"Kula, mwanangu. Leo hakuna anayekwenda kisuni."

Ukumbi mzima haukuelewa tulichokuwa tunachekea.

Vijana huniuliza nimejifunza nini katika kazi hii, nao wanatarajia niwataje ng'ombe. Nawaambia kwamba Bwana Mifugo wangu wa kwanza alikuwa sahihi, na neno lake nalishika mpaka leo. Kosa lilikuwa langu, la kudhani neno lililomtosha nguruwe wa Ngana litamtosha kila mwenye tumbo. Nawaambia pia kwamba mtu anayelala chumba kimoja na mnyama anajua mambo ambayo cheti hakiyajui, hata kama hana maneno yake. Muulize, halafu nyamaza ajibu. Mimi niliulizia uzito mara nyingi nikiwa na jibu tayari mdomoni.

Tosha alifariki mwaka huu, baada ya mavuno ya mpunga. Alikuwa mzee, hana jino hata moja, jicho moja lina ukungu. Jirani alinipigia simu, nikapanda bodaboda na sufuria la wali na samaki mapajani. Mama Bupe alikuwa amekaa mlangoni kwenye kigoda, kikapu kitupu miguuni. Alikuwa amemzika ng'ambo ya migomba. Si karibu na kaburi la Bupe, maana watu wangesema, ila mahali ambapo ukikaa pale mlangoni unaona yote mawili.

"Mama, umekula?"

Alitikisa kichwa.

"Tangu lini?"

"Jana asubuhi."

Nilipakua, nikaweka sahani mbele yake, nikakaa chini kwenye mkeka.

"Kula, mama. Leo hakuna anayekwenda kisuni."

Aliutazama wali kwa muda. "Yeye alikula," alisema. "Nilimpa uji alfajiri, akalamba kidole changu mpaka kikawa safi, ndipo akalala. Hakulala na njaa, mwanangu. Miaka yote hiyo, hata siku moja." Akaongeza, kwa sababu ni mtu wa kweli: "Isipokuwa ile moja."

"Isipokuwa ile moja," nikasema.

Akanawa mikono, akamega tonge la kwanza, akanipa mimi. La pili akala yeye.